Maneno ya Kiingereza: "To" na "-ing"

Wako wengi katika wasomaji wetu wanaojifunza Kiingereza kwa bidii, nasi twaona kosa moja linalowapata hata walimu hodari. Asili yake ni lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina umbo moja tu la kutaja tendo: twasema "nataka kusoma", na twasema "kusoma kwanipendeza", na ku- ni ile ile. Waingereza wana maumbo mawili, "to read" na "reading", wala hawayachanganyi ovyo.

Tuseme mzee wa kijiji ataka kumwarifu mkuu wa wilaya kwamba watu wake wameacha kuchoma nyasi, naye aandika: "We stopped to burn the grass." Maana ya maneno hayo ni kwamba walikuwa katika shughuli nyingine, wakaiacha ili wapate kuchoma nyasi! Ilimpasa kuandika: "We stopped burning the grass." Hali kadhalika "I remembered to pay" ni kusema sikusahau, nikalipa; bali "I remember paying" ni kusema nilikwisha kulipa, na sasa naikumbuka siku ile. Mwenye kudaiwa na aangalie sana hapo.

Kwa desturi "to" huelekea jambo lisilotendwa bado, ndiyo sababu hufuata "want", "hope", "promise" na "refuse". Umbo la "-ing" hulitazama tendo kama kitu, nalo hufuata "enjoy", "finish" na "avoid". Lakini kanuni hii haitoshi: husemwa "I suggest going", ingawa safari haijaanza. Maneno ya namna hiyo hayana dawa ila kuyashika kwa moyo. "Begin" hupokea yote mawili, pasipo tofauti kubwa.

Baada ya "before", "without" na "for", sharti "-ing": "without asking", "thank you for helping". Na hapa ndipo barua nyingi huharibika mwishoni. Mtu huandika "I look forward to hear from you", akidhani "to" hiyo ni ku- yetu. Siyo, yafuatwa na jina, kwa hiyo husemwa "to hearing from you". Tena "I used to walk" ni nilikuwa nikitembea zamani, bali "I am used to walking" ni nimezoea kutembea. Mwenye shaka na ajaribu kutia jina mahali pa tendo, kama "your letter". Likikaa vema, "to" hiyo yataka "-ing".