Nyumba Yenye Magurudumu

Huko Marekani wako watu ambao motokaa ndiyo nyumba yao. Hutwaa motokaa ya mizigo, hupigilia mbao ukutani, hutengeneza kitanda, na chini yake huweka madumu ya maji na masufuria. Juu hufunga vibao vya umeme wa jua, wapate taa. Huko Ujerumani, mwaka 1951 kiwanda cha Westfalia kilianza kutia vitanda na makabati katika magari ya Volkswagen, kwa ajili ya watu wa likizo.

Walakini tusidhani kwamba wote hukaa hivyo kwa furaha. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 wengi walipotewa na nyumba zao, na miongoni mwao wamo wazee waliofanya kazi tangu ujana.

Hatari iliyo kubwa ni ya usiku. Baridi ikizidi, mtu huwasha jiko na kufunga madirisha. Moto ule hutoa hewa ya sumu, haina rangi wala harufu, naye aliyelala haamki tena. (Jiko la makaa chumbani huua vivyo hivyo kwetu, twawasihi wazazi wasilale nalo.) Wenye busara hulizima mapema, huacha dirisha wazi kidogo, tena hutundika chombo kipigacho kelele sumu hiyo ikitokea.

Wakati wa baridi wengi hukimbilia jangwa la Arizona, karibu na Quartzsite. Katika sehemu nyingi za ardhi ya serikali hakuna malipo, illa siku 14 zikitimia yapasa kuhama. Ndipo mzee hukunja kiti chake, hufunga masufuria yasigongane, akaondoka.