Bunduki Kuukuu ya Marisau Isijaribiwe kwa Kufyatuliwa
Baadhi ya familia za Sugar Land hurithi au hununua bunduki kuukuu za marisau. Mng'ao wa nje si ushahidi wa usalama, kwani kutu huula mtutu kwa ndani. Mitutu ya kale ya vyuma vilivyosokotwa, yenye mistari kama mawimbi, iliundwa kwa baruti nyeusi. Nguvu ya risasi za leo yaweza kuipasua karibu na mkono unaoishika. Ufa, uvimbe, kibonyeo au kiungo kinachocheza chatosha kuizuia isifyatuliwe. Hata iliyofyatuka salama jana yaweza kupasuka leo.

Itolewe risasi, ikaguliwe na fundi wa bunduki. Hadi hapo ifungiwe: Texas, kuacha kwa uzembe bunduki yenye risasi hadi mtoto aliye chini ya miaka 17 akaifikia ni kosa la jinai.