Gunia Unalokubali Lishonwe

Kiirua, katika Buuri, Kaunti ya Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ni nchi ya viazi, na viazi huko huuzwa kwa gunia. Likijaa, mdomo wake huongezewa kipande cha wavu, hushonwa kwa kamba, na viazi vikarundikwa juu hadi lifutuke kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Hilo ndilo lumbesa. Tuseme gunia linauzwa shilingi 2,000. Lenye kilo 50, mkulima amelipwa shilingi 40 kwa kila kilo. Lenye kilo 80, amelipwa shilingi 25, na wala hakuna aliyetamka kwamba bei imeshuka. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Hata hivyo lumbesa lingali linashonwa, ingawa viazi ndivyo zao la chakula la pili nchini baada ya mahindi na serikali haina kisingizio cha kutoliona.

Ni rahisi kusema wakulima ni waoga. Lakini mtazame mkulima huyo huyo asubuhi, anapopeleka maziwa. Hapo hakubali hata kikombe kimiminwe kabla hakijapimwa, na kipimo kikiandikwa vibaya atalalamika papo hapo. Meru imekuwa na ushirika wa maziwa tangu miaka ya 1960, na vizazi vimekua vikijua kwamba maziwa hulipwa kwa kipimo. Mtu ni yule yule, ila suala la maziwa lilikwisha kuamuliwa zamani, akiwa na wenzake, na mizani ipo pale pale. Suala la viazi huamuliwa lori likiwa limeshafika, vibarua wameshika sindano, viazi vimekwisha chimbuliwa, na ada ya shule inadaiwa. Nadai kwamba mambo mengi tunayoyavumilia maishani huingia kwa mlango huo. Hatuyachagui, yanatukuta hatujaamua, na kufikia hapo kukataa ni ghali kuliko kukubali. Ndivyo inavyokuwa kwa mwajiri anayechelewesha mshahara, na kwa jamaa anayekopa bila kulipa: mara ya kwanza huitwa dharura, na ya tatu imeshakuwa desturi.

Kenya nzima iliwahi kujionea jambo hili kwenye matatu. Februari 2004 kanuni zilizosimamiwa na waziri wa uchukuzi John Michuki zilianza kutekelezwa: mikanda kwenye kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, abiria 14 na si zaidi. Kwa muda abiria wenyewe walikuwa wakali. Makanga akijaribu kuongeza mtu, gari zima lilimkemea. Kisha akaongezwa mmoja, kwa kuwa mvua inanyesha na ni mama mwenye mtoto. Kesho yake wakawa wawili. Kanuni hazikufutwa, ila abiria waliokuwa wakizilinda kwa midomo yao walinyamaza, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akiwa na sababu yenye huruma.

Madalali wanaonunua viazi kwa lumbesa wana utetezi wao, nao si wa kupuuzwa. Ushuru wa kaunti mara nyingi hutozwa kwa gunia, kwa hiyo anayesafirisha magunia machache makubwa hulipa kidogo. Basi mfumo wenyewe unalilea lumbesa, na ushuru ungetozwa kwa kilo, nusu ya kishawishi ingekwisha. Ila hilo halielezi kwa nini hasara ibebwe na mkulima, au na mpagazi anayeinua mzigo uliopita kilo 55, ambazo Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima.

Wapo pia watakaosema mvumilivu hula mbivu. Kweli, lakini methali hiyo inahusu tunda linaloiva. Ukivumilia mvua iliyochelewa, unangoja kitu kitakachobadilika. Lumbesa ulilolivumilia msimu huu litarudi msimu ujao, tena limeongezwa wavu. Ukimchekea nyani, utavuna mabua.

Hoja nzito kuliko zote ni ya umaskini: anayekataa peke yake, dalali ataenda kwa jirani, naye abaki na viazi vya shangi, aina inayochipua upesi ghalani. Sina jibu linaloifuta hoja hii. Ninachoona ni kwamba inamzuia mtu siku ya kuuza, lakini haimzuii miezi mitatu kabla, viazi vingali ardhini. Wakati huo majirani kumi wanaweza kununua mizani moja, wakakubaliana kuuza kwa kilo, na wakapanga wavune kwa zamu ili asiwepo aliyebanwa na kuoza. Chama cha mikopo kinaweza kumkopesha anayedaiwa ada, asilazimike kuchimbua kabla ya wenzake. Hata hivyo kutakuwa na atakayeteleza na kushonesha usiku. Kwa hiyo faini yake ni afadhali ijadiliwe mapema pia, wakati bado hakuna anayejua atakuwa nani.