TAA ZA KUZAMA KWENYE SILINGI: TUANGALIE JUU KWANZA, RANGI BAADAYE



Stima imefika katika vijiji vingi ambako zamani tulitegemea koroboi. Tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka 2015, vikundi vilivyokuwa vikichanga pesa za mabati na matangi ya maji vimeanza kuchangia pia silingi na taa. Katika kutembelea vikundi tumeulizwa mara nyingi: "Zile taa za kuzama kwenye silingi, tununue zipi? Za dhahabu, za fedha, ama nyeupe?"

Swali ni zuri, lakini linafaa kuulizwa mwisho. Kabla yake kuna mengine, na ukiyaruka unaweza kupoteza pesa, hata nyumba.

Yaliyompata mama mmoja

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kikiweka silingi katika nyumba za wanachama, mmoja baada ya mwingine, kwa pesa za meri-go-raundi. Nyumba ya kwanza ilitiwa taa sita za kuzama, zenye pete za rangi ya dhahabu. Zilipendeza sana, na kila mgeni alizisifu.

Baada ya miezi michache mwenye nyumba aliona alama ya kahawia kuzunguka taa moja. Fundi alipopanda juu alikuta balbu ni zile za halojeni za wati 50, na panya wamejenga kiota cha nyasi na matambara juu yake. Silingi bodi ilikuwa imeanza kuungua. Tunashukuru iligunduliwa mapema. Tena mama alituambia jambo la pili: taa zilimulika katikati ya sebule, lakini mtoto akikaa mezani kando ya ukuta, anasoma kwenye kivuli chake mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya balbu wala ya meza. Wote waliangalia pete tu.

Taa hii ni kitu gani?

Taa ya kuzama, ambayo mafundi wengi huiita spotilaiti, huingizwa katika tundu lililokatwa kwenye silingi. Ina sehemu tatu: pete inayoonekana chini, bakuli lililo ndani ya pete, na balbu pamoja na waya zake zilizojificha juu. Mwanga wake huenda chini tu. Haumuliki silingi yenyewe, na pembe za chumba zinaweza kubaki na giza. Kwa hivyo chumba kidogo chenye kuta za rangi nzito huenda kikafaa zaidi kwa balbu moja ya kawaida katikati. Hiyo si aibu.

1. Angalia silingi yako

Kama nyumba haina silingi, taa hizi si zako kwa sasa. Kama unayo, mwambie fundi apime nafasi iliyo juu yake, na aangalie panya, popo na mahali mabati yanapovuja. Sanduku la taa huonyesha upana wa tundu na urefu wa taa. Pima kabla ya kukata, maana tundu likizidi haliwezi kurudishwa.

Halafu uliza habari ya joto. Halojeni hupata moto mwingi, na haifai karibu na mbao, bodi au takataka kavu. LED ina joto dogo zaidi, lakini nayo inahitaji hewa. Usiifunike kwa magunia wala matambara, la sivyo itakufa mapema.

Tufanye hesabu. Taa sita za halojeni za wati 50 ni wati 300. Ukiwasha saa nne kila usiku kwa siku 30, utatumia uniti 36 za stima. Taa sita za LED za wati 6 ni wati 36. Kwa muda uleule utatumia uniti kama 4 na kidogo. Tokeni zenyewe zitakuambia tofauti.

2. Angalia kazi ya chumba

Taa hizi zina mitindo mitatu inayopatikana kwa wingi.

Ya kwanza ni ile isiyogeuka, inayomulika chini moja kwa moja. Inafaa sebuleni na kwenye korido. Ya pili ina pete inayoweza kuinamishwa. Hiyo ndiyo ya kuelekeza mwanga kwenye meza ya kusomea, au kwenye ukuta wenye picha za jamaa. Ya tatu imefungwa kwa kioo au plastiki. Inafaa bafuni na jikoni, kwa sababu mvuke, moshi na wadudu haviingii kwa urahisi. Ya bafuni iwe na alama IP44 au zaidi, yaani imekingwa dhidi ya maji yanayoruka.

Kuhusu umbali, mafundi wengi hugawanya urefu wa chumba kwa mbili. Silingi ikiwa mita 2.4 kutoka sakafuni, taa hukaa kama mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine, na sentimita 60 kutoka ukutani. Si sheria ya lazima, lakini inakuzuia kurundika taa zote katikati.

Angalia pia rangi ya mwanga. Namba 2700 au 3000 yenye herufi K ni mwanga wa manjano, mzuri wa kupumzika. 4000 ni mweupe wa kadiri, mzuri jikoni na kwa kusoma. 6500 ni mweupe mkali. Usichanganye namba katika chumba kimoja.

3. Angalia bakuli

Bakuli jeupe husambaza mwanga vizuri. La kung'aa hutoa mwanga mwingi, lakini linaweza kuumiza macho ya anayelala au kuketi chini yake. Jeusi hupunguza mng'ao, ila hula sehemu ya mwanga. Kwa nyumba zetu nyingi, jeupe linatosha.

4. Sasa tuje kwenye pete

Hapa ndipo rangi inapoingia. Kama silingi ni nyeupe na hutaki taa zionekane, chukua pete nyeupe. Kama silingi ni ya mbao, pete ya kahawia au ya shaba hupatana nayo. Pete ya rangi ya fedha isiyong'aa huficha alama za vidole na mikwaruzo kuliko ile inayong'aa kama kioo. Mkiweza, ifanane na vitasa vya milango.

Jikoni panapopikwa kwa kuni, masizi hushika kila kitu. Chukua pete bapa isiyo na maua wala mifereji, inayopanguswa kwa kitambaa. Kwa ndugu zetu wa Pwani, hewa ya chumvi hula chuma kilichopakwa rangi tu. Heri alumini au plastiki nzuri.

Kikundi kinachonunua pamoja kinunue mbili tatu za akiba. Mwaka ujao duka la hadwea huenda lisiwe na rangi ileile. Na kama mnakaa mbali na mji, chagueni taa ambayo balbu yake inatoka. Nyingine za LED zimeunganishwa zote, na zikifa unatupa kila kitu.

5. Fundi na alama

Stima ya Kenya ni volti 240, na haina mchezo. Tumieni fundi mwenye leseni ya EPRA, na nunueni vifaa vyenye alama ya KEBS. Wale wanaotumia sola ya volti 12 wasinunue taa za volti 240 wakidhani zitawaka tu. Na yeyote asiguse taa kabla ya kuzima swichi kuu.

Yule mama sasa ana LED katika pete zake zilezile za dhahabu, panya wamezibiwa njia, na taa moja ya kuinama inaangalia meza ya mtoto. Uzuri haukupotea.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni nani kati yetu ana taa za kuzama nyumbani? Anajua ni balbu gani ziko ndani?
2. Mara ya mwisho kuangalia juu ya silingi ilikuwa lini?
3. Watoto wetu husomea wapi usiku, na mwanga unawafikia?