KAMERA MPYA IKITANGAZWA, TUIPIME KWA KIPIMO GANI?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Mwanzoni mwa muhula huu Kamati ya Wazazi ilituletea habari njema, kwamba yafikiria kutununulia kamera moja ya shule, ili mahafali na michezo yetu tuipige picha wenyewe badala ya kukodi watu wa mjini. Tangu siku hiyo Chama chetu cha Picha hakina amani. Kila mmoja ana kamera yake aliyoiona ikitangazwa, na kila mmoja asema yake ndiyo bora, ati kwa kuwa yapiga video ya 8K. Mimi nami, naungama, nilikuwa upande wa 8K. Mwalimu wetu wa Fizikia akaniambia, "Kijana, kabla hujabishana, chukua kamera moja uisome mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo." Nikafanya hivyo, na niliyoyaona nayaandika hapa, maana fedha zitakazotumika ni za wazazi wetu.

Jambo lenyewe lanigusa. Mwaka jana kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alihitimu hapa shuleni. Mama mkubwa hakuweza kuja. Alikuwa amevunjika mguu, yuko nyumbani na plasta. Alijifariji kwamba ataona yote katika video, kwani wazazi walichangishana wakamkodi mpiga picha mwenye kamera mpya kabisa, ambayo jina lake sina haja ya kulitaja. Majina yakaanza kuitwa saa saba mchana. Walipofika herufi ya M, kamera ikaonyesha alama ya joto, kisha ikazimika yenyewe. Yule bwana akaipepea kwa karatasi ya ratiba, lakini wapi! Ilipokubali kuwaka tena, watu walikuwa wamekwisha kaa mezani. Jina la kaka yangu laanza kwa S. Mama mkubwa aliitazama video ile tangu mwanzo hata mwisho, kisha akauliza, "Mbona mwanangu simwoni ila akila pilau?"

Sasa tuje kwenye kamera zenyewe. Kamera kubwa za zamani za kubadili lenzi zilikuwa na kioo kidogo kilicholala mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga uliingia, ukagonga kioo, ukapanda juu hadi jichoni mwa mpigaji. Akibonyeza kitufe, kioo kiliruka juu na mwanga ukapita mpaka kwenye kihisi, yaani kile kibapa kigeuzacho mwanga kuwa umeme. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera iitwayo G1, ambayo kioo hicho haikuwa nacho kabisa. Kihisi chake hutazama moja kwa moja, na mpigaji huona picha katika skrini ndogo. Ndizo hizi ziitwazo kamera zisizo na kioo, na leo makampuni makubwa yamezielekea hizo. Walakini msidhani kwamba kukosa kioo ndiko kuletako joto. Hata kamera yenye kioo, ikipiga video, kioo hubaki juu na kihisi hufanya kazi bila kupumzika. Joto latoka katika kazi hiyo, kama nitakavyoeleza.

Kamera niliyoichagua kuisoma ni Canon EOS R5. Si mpya tena, na ndiyo sababu nimeichagua: kisa chake twakijua tangu siku ya kutangazwa hata yaliyofuata, ilhali kamera ya mwezi uliopita ina sifa tu. Mwezi wa Februari 2020 Canon walisema kwamba wanaitengeneza, na kwamba itapiga video ya 8K. Tarehe 9 Julai 2020 ikazinduliwa rasmi. Kihisi chake kina pikseli milioni 45, na bei yake huko Marekani ilikuwa dola 3,899 bila lenzi. Watu walistaajabu sana, na wengi waliisifu kabla hawajaigusa.

Hiyo 8K ni nini? Video ni picha nyingi zipitazo upesi, tuseme 30 kwa sekunde. Picha moja ya 8K ina pikseli 7,680 kwa upana na 4,320 kwa urefu. Zidisha, utapata 33,177,600. Picha ya 4K ina 8,294,400 tu, yaani robo yake. Basi kamera ya 8K yasoma pikseli milioni 33, mara 30 kila sekunde, nayo prosesa yapaswa kuzipanga zote na kuziandika katika kadi kabla kundi lingine halijafika. Katika namna ya 8K iitwayo RAW, R5 huandika biti milioni 2,600 kila sekunde. Gawanya kwa 8, ni baiti milioni 325. Kwa dakika moja ni kama gigabaiti 19 na nusu, hata kadi ya gigabaiti 128 hujaa kabla ya dakika 7. Nilipofika hapo ubishi wangu ulianza kupoa. Kompyuta ya ofisi ya Mwalimu Mkuu ingekufa mapema.

Kazi hiyo yote huleta joto, na mwili wa R5 umezibwa ili vumbi na maji visiingie. Mahali ambapo vumbi haliingii, hewa nayo haitoki, na feni ndani hamna. Canon wenyewe walitoa jedwali la dakika. Kwa 8K, kama dakika 20. Kwa 4K ya fremu 120 kwa sekunde, kama dakika 15. Kwa 4K iliyo bora, ile inayotengenezwa kwa kusoma 8K nzima na kuipunguza, kama dakika 30. Na ukishafika mwisho wa 8K, ukaipumzisha dakika 10, hukupa kama dakika 3 tu. Ni 4K ya kawaida peke yake, ya fremu 30, ambayo haikuwekewa kikomo cha joto; nayo haina ukali ule wa 4K bora, kwani kihisi huruka baadhi ya mistari. Tena hata hiyo, kila kipande hukatika kikifika dakika 29 na sekunde 59, na mpigaji sharti abonyeze tena.

Lakini neno lililonishika hasa lilikuwa dogo: dakika hizo zilipimwa katika nyuzi 23 za sentigredi. Wasomaji wapenzi, ni lini ukumbi wetu uliona nyuzi 23? Bati juu, watu mia tano chini, jua la pwani saa saba mchana! Sisemi kwamba Canon walidanganya. Nyuzi 23 ni joto la chumba kizuri, na waliandika waziwazi. Ila aliyeandika hakukaa katika bwalo letu, basi kazi ya kuongeza nyuzi zilizobaki ni yetu sisi tununuao.

Kwa haki ya kamera hiyo, yafaa niseme na yaliyofuata. Agosti 2020 Canon walitoa programu mpya ya ndani ya kamera, ikarekebisha namna inavyokadiria joto na muda wa kurekodi. Januari 2022 wakatangaza R5 C, dada yake, ambayo imewekewa feni mgongoni. Julai 2024 ikaja R5 Mark II, na pamoja nayo kishikizo chenye feni, kinachouzwa mbali. Naona feni hizo mbili zasema zaidi kuliko tangazo lolote. Kwa mpiga picha wa harusi apigaye vipande vya dakika mbili mbili, au mtu wa wanyama anayengoja chui aruke, R5 ya 2020 ilikuwa kamera nzuri mno, wala simlaumu aliyeinunua. Kwa majina ya wahitimu 140 yasomwayo mfululizo, 8K yake haifai.

Kuna na mambo mengine yasiyoandikwa kwa herufi kubwa. Kihisi cha kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari toka juu hadi chini, si yote mara moja. Basi ukiigeuza kamera upesi, nguzo huonekana zimeinama kama zimelewa. Itazame video ya feni inayozunguka, utaona mapanga yake yamepinda. Sauti nayo ni muhimu kuliko picha, na tundu la kuchomekea maikrofoni laweza kuokoa hotuba nzima ya mgeni rasmi. (Ingawa si kila hotuba yastahili kuokolewa.)

Baada ya kuyasoma haya tulimwendea Mwalimu wa Fizikia, naye akaazima kwa rafiki yake kamera ndogo isiyo na kioo, ya miaka iliyopita, ambayo mwisho wake ni 4K. Tukaisimamisha bwaloni juu ya stendi, saa saba mchana, tukafunga madirisha na kuning'iniza kando yake themometa ya maabara. Ilisoma nyuzi 33. Tukawasha 4K ya kawaida, na mwenzetu mmoja akasimama jukwaani akisoma daftari la majina ya shule nzima, kidato baada ya kidato. Wavulana wa jikoni walidhani amepewa adhabu.

Kamera ilikwenda saa moja na dakika 42. Ilipata moto kiasi cha kuhisiwa mkononi, lakini joto halikuizima; kilichokwisha ni betri. Tukaitoa, tukatia nyingine, tukawasha tena. Kwa saa yangu ilichukua sekunde 40, na katika sekunde hizo msomaji, ambaye hakuwa na habari, alikuwa amekwisha pita majina tisa. Tulimwandikia Makamu Mkuu wa Shule barua juu ya hayo majina tisa, naye amejibu kwamba mwaka huu mwita majina atamtazama mpiga picha kwanza, na akiona mkono umeinuliwa, atangoja.