Je, Wajua? Ugonjwa Ukiingia Mtaani, Nani Atajifungia?

Je, wajua kwamba mwishoni mwa Februari 2020, korona ikiwa ndiyo kwanza inabisha hodi Israel, watafiti waliwauliza watu wazima wa nchi hiyo kama wangekubali kujitenga nyumbani wakiagizwa? Walipoambiwa wachukulie kwamba kipato watakachopoteza kitafidiwa, asilimia 94 walisema watakaa. Walipoambiwa fidia hakuna, walioshikilia msimamo huo hawakufika asilimia 57. Ugonjwa ni ule ule, nyumba ni ile ile. Mkono mtupu haulambwi, hata na anayeogopa kufa.

Je, wajua kwamba kuahidi na kutenda havikai chumba kimoja? Uingereza ilifanya mfululizo wa tafiti 37 za maoni kati ya Machi 2020 na Januari 2021. Katika watu waliokuwa na dalili za korona, waliosema walijitenga sawasawa kwa muda wote uliotakiwa walikuwa asilimia 42.5. Walioshindwa zaidi walikuwa wanaume, vijana, wenye mtoto wa kulea, wafanyakazi wa huduma muhimu na waliobanwa kifedha. Tena karibu nusu ya wote waliohojiwa hawakuweza kuzitaja dalili kuu za ugonjwa wenyewe. Mtu asiyejua kwamba anaumwa atajitenga na nini?

Je, wajua kwamba Toronto, Kanada, mambo yalikwenda kinyume kabisa? Ugonjwa wa SARS ulipoingia mwaka 2003, idara ya afya ya jiji iliorodhesha watu 23,103 waliotakiwa kukaa karantini kwa sababu walikutana na wagonjwa. Amri za kisheria zilizobidi kuandikwa kwa ajili ya wakaidi zilikuwa 27 tu. Waliobaki walipigiwa simu, wakaelezwa, wakakaa. Wala haikuwa raha: katika watu 129 waliojaza dodoso baadaye, karibu asilimia 29 walikuwa na dalili za kiwewe na asilimia 31 dalili za sonona.

Sasa tusogee karibu na nyumbani. Je, wajua kwamba Waacholi wa kaskazini mwa Uganda walikuwa na karantini yao wenyewe, ambayo hawakufundishwa na mtaalamu yeyote wa kigeni? Ebola ilizuka Gulu mwaka 2000, ikawapata watu 425 na kuua 224, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, aliyefariki Desemba mwaka huo akiwa kazini. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett na mwenzake Richard Amola walikaa na wenyeji wakawasikiliza. Walielezwa kwamba maradhi yanayoua wengi kwa kasi huitwa gemo, na gemo ikiingia, yako masharti.

Mgonjwa anatengewa nyumba iliyo mbali na nyingine, kiasi cha mita 100. Anayemlisha na kumuuguza ni mtu aliyekwisha kuugua akapona. Asipopatikana, basi ni mzee. Mlangoni zinasimamishwa nguzo mbili ndefu za mabingobingo, moja kila upande, ili mpita njia ajue. Kijiji chenye wagonjwa nacho kinawekewa alama, nguzo mbili na nyingine imelazwa juu yake. Hakuna kutembeleana kijiji kwa kijiji, hakuna ngoma, hakuna kula chakula kilicholetwa na mtu wa nje, na mume na mke hawakaribiani. Nyama iliyooza au iliyokaushwa kwa moshi ni mwiko. Anayekufa anazikwa pembezoni mwa kijiji, na anayemzika ni aliyewahi kupona au aliyeuguza wengi bila kudhurika. Aliyepona haachiwi papo hapo: anangoja mwezi uandame mpaka uishe ndipo achanganyike na watu.

Yaweke masharti hayo kando ya mwongozo wowote wa kisasa wa Ebola uone yanavyofuatana. Lakini kuna moja ambalo sijaliona katika mwongozo wa wizara yoyote: wakati wa gemo, maneno makali na magomvi ndani ya nyumba yanakatazwa. Aliyelitunga alikuwa anawajua watu. Wafungie wanafamilia pamoja wiki tatu, na kabla homa haijapanda utasikia nani alikula mboga ya nani.

Je, wajua kuhusu Eyam? Ni kijiji cha Derbyshire, Uingereza, ambako tauni iliingia mwaka 1665, na simulizi za huko husema ilikuja na viroboto ndani ya robota la nguo la fundi cherehani lililotoka London. Juni 1666 mchungaji William Mompesson, akishirikiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, ambaye walitofautiana naye katika mambo ya kanisa, aliwashawishi wanakijiji wasitoke mpaka tauni iishe, ili vijiji jirani vipone. Vyakula viliachwa mpakani na watu wa nje, na fedha za malipo zikatumbukizwa kwenye siki au maji yanayotiririka kuondoa uchafu wa maradhi. Tajiri wa eneo hilo, Mwinyi wa Devonshire, alisaidia mahitaji. Ibada zilihamia bondeni, uwanjani. Mwanamke mmoja alizika mume na watoto sita kwa mikono yake ndani ya siku nane. Idadi ya waliokufa inayotajwa sana ni 260, na mke wa mchungaji, Catherine, alikuwa mmojawapo.

Watu huisimulia Eyam kama hadithi ya watakatifu, nami siipingi. Ila yako mawili yanayorukwa. La kwanza, Mompesson aliwaondoa wanawe wawili kabla mipaka haijafungwa. La pili, wenye uwezo kadhaa nao walishaondoka mapema. Hiari ya kukaa ilibaki zaidi kwa wale ambao hawakuwa na pa kwenda.

Je, wajua kwamba miaka hiyo hiyo, huko London, njia ilikuwa kufuli? Nyumba yenye mgonjwa ilichorwa msalaba mwekundu, ikafungwa siku 40 pamoja na wazima waliokuwemo, na mlinzi akawekwa mlangoni. Matokeo yake familia zilificha wagonjwa, na wengine wakatoroka kwa madirisha ya nyuma.

Je, wajua kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, khalifa wa Waislamu, alirudi nyuma na msafara wake akiwa njiani kwenda Sham, yaani Syria ya wakati huo? Ilikuwa mnamo mwaka 638 au 639, tauni ya Amwas ikiwa imezuka. Aliwakusanya masahaba, wakatofautiana, hadi Abdurrahman bin Auf alipoleta hadithi ya Mtume (S.A.W.): penye tauni usiingie, na ikikukuta ulipo usitoke kwa kuikimbia. Abu Ubaida bin Jarrah, kamanda wa jeshi, alibaki Sham na watu wake, akafa kwa tauni hiyo. Katika mwambao wetu hadithi hii ilisikika tena mimbarini mwaka 2020, na kwa wengi ilikuwa na uzito kuliko tangazo lolote la redio.

Je, wajua kwamba Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kinachoitwa na watalii Kisiwa cha Gereza, hakikupata wafungwa wa gereza hilo? Jengo liliinuliwa miaka ya 1890 kwa agizo la Lloyd Mathews, waziri wa Sultani, kisha likageuzwa kituo cha karantini. Abiria wa meli walioshukiwa kuleta maradhi, hasa homa ya manjano, walishushwa hapo wangoje. Wanaokumbukwa leo ni kobe wa kutoka Ushelisheli.

Je, wajua kisa cha Mary Mallon, mpishi Mwairishi wa New York? Alibeba vijidudu vya homa ya matumbo bila kuumwa hata siku moja, na mwaka 1907 akapelekwa kisiwa cha North Brother. Mwaka 1910 aliachiwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Alipewa kazi ya dobi. Dobi alilipwa kidogo kuliko mpishi, na baada ya muda Mary akabadili jina, akarudi jikoni, safari hii katika hospitali ya wazazi. Watu 25 waliugua, wawili wakafa. Alirudishwa kisiwani mwaka 1915, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1938. Magazeti yalimfanya shetani. Mimi najiuliza ingegharimu kiasi gani kumlipa mshahara wa mpishi asipike.

Singapore ilijiuliza swali kama hilo mapema: wakati wa SARS mwaka 2003, waliojiajiri waliotakiwa kukaa nyumbani walipewa posho. Waliwekewa kamera pia, tusidanganyane.

Je, wajua kwamba mwezi mmoja, Agosti 2014, ulionyesha njia mbili za kuikabili Ebola katika Afrika Magharibi? Monrovia, Liberia, serikali iliuzungushia mtaa wa West Point seng'enge na askari alfajiri ya Agosti 20, watu makumi ya maelfu wakiwa ndani. Bei za vyakula zikapanda, vijana wakarusha mawe, risasi zikalia, kijana mmoja akafa. Baada ya siku kumi hivi zuio likaondolewa. Nigeria, ambako ugonjwa uliingia Lagos kwa ndege mwezi Julai, ilituma watu wa kubisha hodi. Waliotangamana na wagonjwa walikuwa karibu 900, wakafuatwa nyumba kwa nyumba siku 21, joto likipimwa. Mmoja alitoroka kwenda Port Harcourt kutibiwa kwa siri, na daktari aliyemtibu akafa. Hata hivyo nchi nzima iliishia na wagonjwa 20 na vifo 8, na Oktoba 20 ikatangazwa haina Ebola.

Je, wajua kwamba Sierra Leone, katika mlipuko huo huo, nyumba yenye mgonjwa ilihesabiwa siku 21, na mwingine akiugua humo, hesabu ilianza upya? Sasa wewe una familia ya watu kumi na homa ya mtoto imepanda usiku. Utaitaja asubuhi?

Je, wajua kwamba Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, ambako wengi wanaongea Kiswahili, utafiti wa Septemba 2018 uliwahoji watu 961 na robo yao wakasema Ebola haipo? Walioziamini mamlaka za mahali walikuwa chini ya theluthi. Eneo hilo lilikuwa limechinjiwa watu kwa miaka bila mtu wa kuwasaidia, halafu ghafla magari meupe yakajaa kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mlipuko huo ulidumu mpaka Juni 2020, ukaua zaidi ya watu 2,200.

Je, wajua kwamba Kenya, mwanzoni mwa korona, waliowekwa karantini ya lazima walidaiwa gharama zake? Hata kwenye vituo vya serikali malipo yalikuwa shilingi 2,000 kwa siku, na mwenzako akikutwa na virusi ungeweza kuongezewa siku nyingine 14. Aprili 2020 makumi ya watu waliruka ukuta wa kituo kimoja Nairobi. Mei serikali ikasema itabeba gharama yenyewe, na Juni ukatolewa mwongozo wa kuwauguza nyumbani wasio na dalili kali. Mwongozo ulitaka mgonjwa awe na chumba chake chenye hewa ya kutosha. Kibera, chumba cha futi kumi kwa kumi ndicho sebule, jiko na kitanda cha watu watano, na choo kiko nje, cha kulipia. Nyumba za Kiswahili za Manzese na Majengo ni hivyo hivyo: vyumba sita, korido moja, bomba moja. Hapo swali la nani atajifungia kwa hiari linamhusu mpangaji kidogo tu. Linamhusu zaidi jirani wa chumba cha pili atakayekubali kumchotea maji, na mangi wa dukani atakayekubali kumkopesha unga.

Je, wajua kwamba Kagera iliwahi kupita mtihani huu bila kufunga mkoa? Machi 21, 2023, serikali ya Tanzania ilitangaza ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, wilayani Bukoba. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, wakiwemo wa familia moja na mhudumu wa afya. Zaidi ya watu 200 waliotangamana nao walifuatiliwa siku 21 kila mmoja.

Na je, wajua kwa nini tangazo la mwisho wa mlipuko halitoki siku mgonjwa wa mwisho anapopona? Zinahesabiwa siku 42, yaani 21 mara mbili, bila mgonjwa mpya. Bukoba ilitangaziwa Juni 2.