Sawa kwa Macho ya Nani?

Paukwa! Pakawa!

Chukueni doti ya kanga, wajukuu zangu, muikate katikati. Mtapata vipande viwili vyenye pindo lile lile, mji ule ule na jina lile lile. Je, vinafanana? Kabisa. Je, ni kipande kimoja? La, maana ukimwagia kimoja mchuzi, kingine kitabaki safi. Basi hapo pana maswali mawili, na kompyuta, ambayo hujibu ulichouliza tu, lazima iambiwe unauliza lipi.

John McCarthy wa chuo cha MIT, Marekani, alianza kuunda Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mwaka 1958, akaieleza katika makala ya mwaka 1960. Vitu vyake vya msingi vilikuwa atomu, yaani jina lisilogawanyika kama EMBE, na orodha zilizojengwa kwa atomu. Kulinganisha atomu mbili kulikuwa rahisi: fankisheni, yaani kipande cha programu kinachopokea vitu na kutoa jibu, iitwayo eq ilitosha. Lakini orodha je, tena orodha iliyobeba orodha nyingine tumboni?

Hapo McCarthy aliandika fankisheni ya equal, na hapa ndipo penye utamu. Ikipewa atomu mbili, huiuliza eq. Ikipewa orodha mbili, hujiita yenyewe ilinganishe vitu vya mwanzo, kisha hujiita tena ilinganishe yaliyobaki. Ikipewa atomu na orodha, hukataa papo hapo. Ipeni (EMBE (NDIZI PAPAI)) na (EMBE (NDIZI NAZI)). EMBE kwa EMBE, sawa. Inaingia ndani: NDIZI kwa NDIZI, sawa. PAPAI kwa NAZI, hapana! Na hiyo hapana moja inapanda ngazi kwa ngazi hadi juu. Orodha hata ingekuwa na kina cha tabaka mia, sheria ni zile zile chache. Sijui kipande cha programu kinachonifurahisha kuliko hiki.

Sasa rudini kwenye kanga. Tulijua ni mbili kwa sababu moja ilichafuka. Ingekuwaje kama kanga haichafuki, haichaniki, wala haififii? Katika programu za kifankisheni mambo ndivyo yalivyo: kitu kikishaundwa hakibadilishwi. Ukitaka tofauti, unaunda kingine. Kwa hiyo swali la kama vitu viwili ni kimoja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta linapoteza uzito, linabaki la kufanana. Lugha ya Haskell, iliyotoka mwaka 1990, imejengwa juu ya wazo hilo. Ukiandika == unauliza kuhusu thamani, na ukibuni aina yako mpya ya data, ni juu yako kueleza usawa wake ni upi.

Haskell ina pia fankisheni ya compare, yenye majibu matatu: LT, cha kwanza kinatangulia, EQ, vinalingana, GT, cha kwanza kinafuata. Ukitaka kupanga majina unatumia fankisheni ya sortBy: unaipa fankisheni ya kulinganisha, nayo inapanga kwa kuifuata hiyo. Badilisha ya alfabeti uweke ya idadi ya herufi, mpangilio wote unageuka bila kugusa sortBy yenyewe. Lakini angalieni: kwa idadi ya herufi, Asha na Juma watapewa EQ, ilhali si jina moja! Maana ya EQ hapo ni kwamba kipimo hiki hakiwatenganishi. Kwa hiyo sortBy huwaacha katika zamu waliyokuja nayo.

Je, tunaweza kulinganisha fankisheni zenyewe? Moja inajumlisha namba na yenyewe, nyingine inaizidisha kwa mbili. Sisi tunaona zinalingana. Kompyuta ikijaribu namba moja moja haitamaliza kamwe, maana namba kamili hazina mwisho. Na mwaka 1936 mwanahisabati Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna njia ya jumla ya kujua kama programu yoyote utakayopewa itafika mwisho. Kutokana na hilo, hakuna pia njia ya jumla ya kuamua kama fankisheni mbili zozote hutoa majibu yale yale daima. Kwa hiyo ukiweka == katikati ya fankisheni mbili, Haskell haibahatishi: huikataa programu yako kabla haijaanza hata kukimbia.